Nimemeza dawa za alsa mara tatu na kipimo bado kinasema ninayo: nimeze tena?

*"Habari za kazi, daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 38, nauza vitenge hapa Arua. Mwaka wa pili huu chembe cha moyo kinanichoma, hasa usiku na nikichelewa kula. Kliniki walinitoboa kidole, wakasema nina bakteria wa alsa, wakanipa dawa za wiki mbili. Nilipata nafuu, kisha hali ikarudi. Nimepimwa tena na kutibiwa tena, jumla mara tatu, na juzi kipimo bado kinasema bakteria yumo. Kwenye kundi letu la WhatsApp kila mtu ana lake: huyu juisi ya kabichi, yule maziwa baridi, mwingine anasema hiyo ni taifodi. Omeprazole ninayo nyumbani, nameza maumivu yakija. Mgongo nao unaniuma kwa kubeba marobota, nachomwa sindano ya diclofenac maana vidonge vyake vilikuwa vinaniumiza tumbo. Nilizaliwa na kukulia Panyimur, baba alikuwa mvuvi. Naogopa saratani. Shangazi yangu aliambiwa apimwe kwa kamera akakataa, na mimi naiogopa pia. Je, nimeze dawa mara ya nne? Watoto nao wapimwe? Na Ramadhani nitaweza kufunga?"*

Dada yangu, nianze na jibu, maelezo yafuate. Usimeze dawa hizo mara ya nne kwa sababu ya kipimo cha kidole. Sindano ya diclofenac iache leo. Halafu nenda hospitali ukachunguzwe mambo mawili ambayo, kwa jinsi ulivyoandika, hakuna aliyeyachunguza mpaka sasa: kama bakteria bado yumo tumboni mwako, na kama ini na bandama viko salama. Hilo la pili huenda likakushangaza. Ni neno Panyimur lililonifanya niliandike, na nitalieleza.

Kwanza hicho kipimo. Anayekutoboa kidole hudondosha tone la damu kwenye kijikaratasi cha plastiki, akasubiri dakika kama kumi, na mistari miwili ikitokea anasema unaye. Kinachotafutwa pale si bakteria. Ni kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza ulipokutana naye. Askari hao hubaki kwenye damu miezi mingi, pengine miaka, baada ya bakteria kufa. Kipimo hicho ni kama nyayo mlangoni: zinaonyesha kuna mtu alipita, hazisemi kama bado yumo ndani. Ndiyo maana hakifai kabisa kumpima mtu aliyekwisha kutibiwa. Huenda dozi ya kwanza ilimuua bakteria yote, na hizo mbili zilizofuata ulizimeza bure, ukabaki na kichefuchefu, kuharisha na hasara ya pesa. Huenda pia hakufa. Kwa kipimo hicho hakuna anayeweza kujua, hata mimi.

Vipimo vinavyojibu swali lako ni viwili. Kimoja ni cha choo kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, waulize kwa maneno haya, "antijeni ya H. pylori kwenye choo" (H. pylori ndilo jina la bakteria huyo), maana kipimo cha kawaida cha choo hutafuta minyoo na hakitamwona. Kingine ni cha pumzi, ambacho hospitali nyingi za serikali hazina. Cha choo kinatosha. Lakini kina masharti, na hapa wengi hupotea: kifanywe angalau wiki nne baada ya kumeza antibayotiki yoyote, hata iliyokuwa ya kikohozi au ya jino, na uwe umeacha omeprazole kwa wiki mbili. Usipofanya hivyo bakteria hupungua na kujificha, kipimo kinasema hayupo, na wewe unarudi nyumbani umefurahi bure. Katika wiki hizo mbili tumbo likichoma, tafuna vidonge vya magnesium vinavyouzwa kila duka la dawa. Angalizo moja tu: kama una dalili yoyote ya hatari nitakazozitaja mbele, usiache omeprazole kwa ajili ya kipimo. Nenda hospitali kwanza.

Sasa nikueleze kinachotokea tumboni, maana hapo ndipo ushauri mwingi wa kwenye makundi unapokosea. Tumbo hutengeneza asidi kali, na ukuta wake ungeliwa na asidi hiyo kama si ute mzito unaoufunika na chumvichumvi inayopoza asidi chini ya ute huo. Ili ulinzi huu uendelee, damu lazima ifike vizuri kwenye ukuta, na ukuta ujikarabati kila siku. Kidonda, ndiyo alsa yenyewe, hutokea ulinzi unaposhindwa. Kwa miongo mingi waganga duniani kote waliamini unashindwa kwa sababu ya mawazo, pilipili na asidi kuzidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walionyesha kwamba kuna bakteria anayeishi ndani ya ute huo. Wenzao hawakuwaamini, na mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao yeye mwenyewe, akaugua uvimbe wa tumbo. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyu huishi kwenye asidi kwa sababu anatengeneza kemikali inayogeuza urea kuwa amonia, nayo amonia inaipoza asidi inayomzunguka. Anajichimbia ndani ya ute, ukuta unavimba, ulinzi unalegea.

Lakini usitoke hapo na wazo kwamba kila aliye naye ana kidonda. Katika nchi zetu watu wazima wengi wanaye tangu utotoni, na wengi watakufa kwa uzee naye bila kuumwa tumbo hata siku moja. Kati ya watu 100 walio naye, 10 hadi 15 hivi ndio hupata kidonda maishani. Kwa hiyo kumkuta bakteria kwa mtu anayeumwa chembe cha moyo hakuthibitishi kwamba ndiye anayemuumiza. Wengi tunaowaingiza kamera kwa maumivu kama yako hatuwakuti na kidonda chochote. Wapo wenye kiungulia, asidi inayopanda kwenye umio. Wapo ambao tumbo lao ni zima kwa macho ila mishipa yake ya fahamu imekuwa nyepesi kuhisi: hata chakula cha kawaida huwachoma na kuwajaza gesi. Huo ni ugonjwa wa kweli, si kujisingizia, na una matibabu yake, ila si antibayotiki. Wachache wana mawe kwenye kifuko cha nyongo. Na kwa watu wa kandokando ya Ziwa Albert na Mto Nile, kuna ini.

Nitafika huko, ila diclofenac haiwezi kusubiri. Umeandika kwamba uliacha vidonge ukahamia sindano ili kulinda tumbo. Nimeyasikia haya kwa wagonjwa wengi, na anayeuza sindano mara nyingi ndiye anayewaambia. Si kweli. Diclofenac, ibuprofen, aspirini na ndugu zao huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo ndizo zinazoleta maumivu mgongoni, lakini hizohizo ndizo zinazoliamuru tumbo litoe ute na zinazoipeleka damu kwenye ukuta wake. Dawa ikishaingia kwenye damu inazizuia kila mahali, iwe imepitia mdomoni, kwenye tako kwa sindano, au nyuma kama kidonge cha kuingiza. Kidonge kinaongeza mwasho kidogo pale kinapogusa, ndiyo maana ulihisi tofauti. Madhara makubwa yanapitia kwenye damu. Na mtu anaweza kuanza kuvuja damu tumboni kwa dawa hizi bila kuumwa kabla, kwa sababu dawa yenyewe inaficha maumivu.

Kama unachomwa sindano hiyo mara kwa mara, basi hata bakteria angekuwa ameisha kabisa tumbo lako lisingepona. Kwa mgongo tumia parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500, mara tatu kwa siku siku unazoumwa, usizidishe hapo mpaka ini lichunguzwe. Dawa ya kupaka nayo inaruhusiwa, maana inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Robota lipunguze, libebwe na wawili, au ulipie mkokoteni. Najua mkokoteni ni gharama kwa mfanyabiashara mdogo, lakini linganisha na pesa ulizokwisha kuacha kliniki. Na chunguza pakiti za dawa za "mwili mzima" na "maumivu yote" unazouziwa sokoni. Nyingi zimechanganywa na diclofenac au aspirini. Soma maandishi madogo mgongoni mwa pakiti, au mpe mtoto wako wa sekondari akusomee.

Omeprazole nayo unaitumia visivyo, na si kosa lako kwa sababu aliyekuuzia hakukueleza. Si dawa ya kumeza maumivu yakija. Inafunga pampu zinazotoa asidi, na pampu hizo hufungika vizuri pale zinapokaribia kuamka, yaani unapokaribia kula. Imezwe asubuhi, nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, kila siku, kwa wiki nne hadi nane, kama daktari atakavyopanga. Ukifungua kapsuli utaona chembe nyeupe ndogo za mviringo; kila moja imepakwa utando unaoilinda na asidi mpaka ifike kwenye utumbo mwembamba. Wapo wanaozisaga au kuzitafuna ili zifanye kazi haraka. Wakifanya hivyo wameiua dawa kabla haijafika. Imeze nzima na maji.

Kuna jambo jingine kuhusu dawa hii ambalo huenda linaeleza sehemu ya mateso yako. Mtu akiitumia wiki kadhaa kisha akaiacha ghafla, tumbo hulipiza kwa kutoa asidi nyingi kuliko mwanzo, na hali hiyo hudumu siku kadhaa, pengine wiki. Kila ulipomaliza dozi na kuanza kuchomwa tena, ulidhani ugonjwa umerudi, ukakimbilia kupimwa kidole, kipimo kikasema unaye, ukauziwa dozi nyingine. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwako, lakini nimewaona wengi waliozunguka kwenye duara hilo.

Sasa Panyimur. Ulikulia ufukweni mwa Ziwa Albert, na mtoto wa mvuvi haepuki maji: anachota, anaoga, anafua, anavuta nyavu. Maji yale yana konokono wanaobeba kichocho cha tumbo, ambacho ni tofauti na kile cha kukojoa damu. Minyoo yake huingia kupitia ngozi na kuishi kwenye mishipa ya damu inayotoka utumbo kwenda ini. Inataga mayai kila siku. Mayai mengine hutoka na choo, mengine husukumwa na damu mpaka kwenye ini, yakakwama, na mwili ukayazungushia makovu. Miaka ikipita makovu hayo yanabana njia ya damu ndani ya ini. Damu ikikosa njia hurudi nyuma, bandama inavimba, na mishipa ya damu ya sehemu ya chini ya umio inatanuka na kuta zake zinakuwa nyembamba. Siku mshipa mmoja ukipasuka, mtu hutapika damu nyingi ghafla. Watu wanasema "alsa imepasuka". Si alsa, na matibabu yake ni mengine kabisa.

Kuhama ziwani hakuondoi hatari hii. Minyoo huweza kuishi mwilini miaka mitano, kumi, hata zaidi, na makovu ya ini hubaki hata ikifa. Sisemi unao. Nasema historia yako inalazimu kuangalia, na mtu mwenye hali hiyo akichomwa diclofenac anacheza na moto. Uchunguzi wenyewe ni mwepesi: choo kwa ajili ya mayai ya kichocho, au kipimo cha mkojo kinachotafuta chembe za mnyoo huyo pale kilipo, na picha ya ultrasaundi ya ini na bandama. Kama una uzito au kitu kigumu chini ya mbavu za kushoto, mwambie daktari akupapase hapo. Minyoo ikiwepo, tiba ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa kawaida humezwa siku moja tu. Dawa hiyo imekuwa ikigawiwa vijijini na shuleni kandokando ya maziwa yetu, kwa hiyo huenda uliwahi kuimeza. Jaribu kukumbuka lini. Mishipa ikiwa imetanuka, kuna vidonge vya kushusha mkandamizo wake, na kamera inaweza kuifunga kabla haijapasuka.

Nimefika kwenye kamera. Naelewa hofu ya shangazi yako, kwani ukielezwa mpira unaoingizwa mdomoni mpaka tumboni, mwili wenyewe unakataa. Inavyofanyika ni hivi: unakuja bila kula tangu usiku. Koo linapuliziwa dawa ya ganzi, chungu kidogo, na ukitaka unaweza kuomba dawa ya usingizi mwepesi kama ipo. Unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kipande cha plastiki chenye tundu ili meno yasiubane mpira. Mpira wenyewe ni mwembamba kuliko kidole chako kidogo. Pale unapopita kooni utataka kutapika. Muuguzi atakuambia upumue taratibu kwa pua, mate uyaache yatiririke nje usiyameze. Baada ya hapo kazi yote kwa kawaida huisha ndani ya dakika kumi. Hewa haizibwi, maana mpira haupiti njia ya pumzi. Kutoboa tumbo kunaweza kutokea lakini ni nadra mno kwa uchunguzi wa kawaida. Siupendi uchunguzi huu, kama vile wewe huupendi, lakini ndio pekee unaoniwezesha kukiona kidonda, kuchukua kipande kidogo cha nyama kukipima, na kuacha kubahatisha.

Je, wewe unauhitaji? Kwa maelezo uliyotoa, ningeanza na kipimo cha choo, ultrasaundi, kipimo cha wingi wa damu, na kuacha diclofenac. Maumivu yakiendelea baada ya hapo, au ultrasaundi ikionyesha ini lina makovu, ningekuomba ukubali. Anzia hospitali ya rufaa ya Arua. Kama siku hiyo kamera haiwezekani pale, watakuandikia rufaa ya kwenda inakofanyika, na Mulago, hospitali ya taifa iliyoko Kampala, ipo.

Kuhusu saratani nikuambie ukweli ulivyo. Bakteria huyu anaongeza hatari ya saratani ya tumbo, lakini kati ya watu 100 walio naye ni mmoja hadi watatu tu wanaoipata, tena kwa miaka mingi. Kuchomwa usiku kwa miaka miwili bila kupungua uzito si picha yake ya kawaida. Saratani inayotusumbua zaidi Uganda katika njia ya chakula ni ya umio, na dalili yake ni chakula kukwama: kwanza kalo (ugali wa wimbi au muhogo) na nyama, baadaye uji, mwisho maji. Mtu akiona hivyo asipoteze hata wiki moja kwa dawa za alsa. Kama shangazi yako alikataa kamera huku chakula kinamkwama au amekonda, tafadhali rudi ukazungumze naye, wewe, si mimi, atakusikiliza zaidi. Na kama mzazi wako au ndugu wa tumbo moja amewahi kuugua saratani ya tumbo, mwambie daktari, maana hapo kamera inakuja mapema.

Tuseme kipimo cha choo kimeonyesha bakteria kweli yumo. Basi matibabu yanafaa, lakini yasiwe yaleyale. Pakiti uliyopewa mara tatu huenda ilikuwa omeprazole, amoxicillin na clarithromycin. Bakteria aliyenusurika hapo mara nyingi amekwisha kuizoea clarithromycin, na kuirudia ni kumfundisha zaidi. Mpango mwingine unatumia dawa nne: omeprazole, bismuth, tetracycline na metronidazole, kwa siku 14 kamili. Ni vidonge vingi, vinaleta ladha ya chuma mdomoni, na wengi huacha siku ya tano au ya sita. Kama unajua hutaweza, sema kabla ya kuanza ili mpangwe vizuri. Nusu dozi ni mbaya kuliko kutokuanza. Taja kama una mimba, unanyonyesha, au uliwahi kuvimba au kuwashwa kwa penisilini. Kisha, wiki nne baada ya kumaliza, rudia kipimo cha choo. Kile cha kidole kisahau kabisa.

Kipimo kikisema hayupo, usiombe antibayotiki za kujihami. Hapo tiba ni omeprazole kwa mpangilio, kuacha sumu ya tumbo uliyokuwa unachomwa, na kuchunguza mengine niliyoyataja.

Na ule ushauri wa kundi? Maziwa baridi hupoza dakika kadhaa, kisha protini na kalisi yake huliamsha tumbo kutoa asidi zaidi. Ukiyapenda yanywe kama chakula, si dawa. Juisi ya kabichi haikudhuru, isipokuwa gesi, lakini haimuui bakteria wala haimalizi kidonda. Pilipili na maharage havitengenezi kidonda. Vikikuchoma punguza, visipokuchoma kula. Wagonjwa wengi hujinyima mpaka wanabaki na matoke na chai ya rangi, wanakonda, kisha kukonda kwenyewe kunawatia hofu ya saratani. Waragi na sigara, hivyo ndivyo vya kuacha bila majadiliano, ingawa kwako nadhani havihusu. Taifodi ni homa inayopanda siku baada ya siku, kichwa, uchovu mzito. Haikai miaka miwili kwenye chembe cha moyo. Kipimo cha Widal kinachotumiwa kuitangaza kina udhaifu uleule wa kipimo chako cha kidole: kinaonyesha askari wa zamani.

Silaumu kundi. Wenzio walikujibu usiku wa manane ambapo hakuna kliniki iliyokuwa wazi, na kuna faraja katika hilo. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuuliza ulikulia wapi, wala unachomwa sindano gani. Maswali hayo mawili ndiyo yaliyobadilisha jibu langu lote. Mimi mwenyewe sijakushika tumbo, na haya niliyoandika hayachukui nafasi ya mtu atakayekupapasa.

Kwa hiyo ukienda, nenda umejiandaa, kwa sababu daktari wa foleni ana dakika chache. Beba pakiti tupu za dawa zote ulizomeza, na za mitishamba pia, pamoja na karatasi za majibu ya zamani. Andika mistari mitano: maumivu yako wapi, yanakuja saa ngapi, chakula kinayapunguza au kinayazidisha, dawa za maumivu unazotumia na mara ngapi, na kwamba ulikulia ziwani. Mpe asome. Akitaka kukutoboa kidole tena, mwambie kwa heshima umekwisha tibiwa na unaomba cha choo. Akitaka kukuandikia antibayotiki bila kipimo, muulize anatibu nini. Daktari mzuri hatakasirika. Huduma katika vituo vya serikali hazilipiwi tangu 2001, isipokuwa upande wa binafsi. Najua kwamba mara nyingine dawa au kitendanishi huwa kimeisha na utaambiwa ukanunue nje, basi beba akiba kidogo. Na chagua sehemu moja uirudie. Kila unapohama kliniki unaanza upya, na mwanzo kwao ni kidole.

Yafuatayo hayasubiri miadi wala asubuhi. Kutapika damu, au matapishi meusi mfano wa machicha ya kahawa. Choo cheusi kinachong'aa, kinachonata na kunuka vibaya. Ila vidonge vya madini ya chuma na bismuth pia hufanya choo kiwe cheusi, kikavu bila ile harufu, kwa hiyo taja kama unavimeza. Maumivu makali ya ghafla na tumbo kukakamaa likiguswa. Kizunguzungu na moyo kwenda mbio unaposimama. Maumivu yanayopanda kifuani, begani au kwenye taya pamoja na jasho, ambayo huenda yakawa moyo. Na kwa mwanamke wa umri wako, maumivu ya tumbo wakati siku zimepita, mpaka mimba ya nje ya mfuko iondolewe shaka. Hapo panda chochote kinachotembea, uende hospitali, si duka la dawa. Kukonda bila sababu, chakula kukwama, kutapika kila siku na macho kuwa ya njano vinaweza kusubiri asubuhi, visisubiri wiki.

Watoto wasipimwe kama hawaumwi. Bakteria huyu huenea ndani ya nyumba tangu utotoni, wengi wao watakuwa wamempata tayari, na kumtibu mtoto asiyeumwa ni kumpa dawa kali bila faida, tena anaweza kumpata upya. Mikono inawe baada ya choo na kabla ya kula, maji yachemshwe. Mtoto anayelia tumbo mara kwa mara, asiyekua vizuri au mwenye upungufu wa damu, huyo mlete aonwe. Lakini kama wanakwenda Panyimur likizo na kuogelea, wote wapimwe kichocho. Hilo nalisisitiza kuliko bakteria.

Ramadhani inategemea utakachokutwa nacho. Mwenye kidonda kibichi, au aliyevuja damu karibuni, au mwenye mishipa iliyotanuka, ninamshauri asifunge mpaka apone, na shekhe wako atakuambia ruhusa ya mgonjwa ipo na siku hulipwa baadaye. Ukikutwa huna kidonda, au kimepona, wengi hufunga vizuri: omeprazole nusu saa kabla ya daku, usilale mara tu baada ya kula, futari uianze kidogokidogo kwa tende na uji, sambusa za mafuta zije baadaye na zisiwe nyingi. Ukiona dalili yoyote kati ya zile za hatari mchana wa mfungo, fungua hapohapo na uende hospitali.